Nani Kati Yenu Ameridhia? Uhakiki wa Ushirikishwaji wa Wananchi kwa Mizani ya Fiqhi

 

Yamezungumzwa sana mabaraza ya wananchi ya Ulaya, ambamo watu wa kawaida huteuliwa kwa kura, wakakaa pamoja miezi kadhaa, wakasikiliza wataalamu, kisha wakaishauri serikali. Katika darsa zetu zimejitokeza kauli mbili juu yake. Ya kwanza inasema hayo ni mambo ya makafiri, hayatuhusu. Ya pili inasema hiyo ndiyo shura yenyewe, wenzetu wameichukua na sisi tumelala. Tunaona kauli zote mbili zimetolewa kwa haraka. Neno “kushirikisha” hubeba mambo matatu tofauti, na fiqhi imeyapambanua zamani. Asiyeyapambanua atasifu panapostahili lawama na kulaumu panapostahili sifa.

Jambo la kwanza: lenye nassi

Halali na haramu iliyothibiti kwa nassi ya wazi haipelekwi kwenye shura. Hapa ndipo tunapotofautiana na Ireland. Baraza lake la Wananchi la mwaka 2016 hadi 2018, lenye wananchi 99 na mwenyekiti aliyekuwa jaji, lilijadili katazo la kutoa mimba lililokuwamo katika katiba. Baraza lilipendekeza liondolewe, na katika kura ya maoni ya Mei 2018 asilimia 66 ya wapiga kura waliafiki. Utaratibu ulikuwa wa utulivu na adabu, na hilo tunalikiri. Lakini uzuri wa kikao hauhalalishi kila kinachowekwa mezani. Hata sisi tunao mfano mdogo wa jambo hili: sharti la mwenye kuweka wakfu, likiwa halipingani na sheria, halifutwi na kamati ya msikiti kwa kunyoosha mikono.

Ama njia ya kuteua watu kwa kura, hiyo haina ugeni. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipiga kura baina ya wake zake kujua nani atasafiri naye, na mafakihi wameitumia pale haki zinapolingana.

Jambo la pili: la rai

Hili ni uwanja wa shura hasa: vita, uchumi, barabara, visima, mipango ya mji. Kabla ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, rai ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa kubaki Madina. Wengi, hasa vijana, walitaka kutoka, naye akatoka. Waislamu walipata msiba mkubwa siku ile. Pamoja na hayo, aya ya 159 ya Suratu Aali Imran, iliyoshuka kuhusu tukio hilo, imemwamuru awasamehe na aendelee kuwashauri. Anayesema “wananchi hawajui, tukiwasikiliza tutaharibikiwa” na aitazame aya hii.

Wanazuoni wamekhitilafiana: je, kiongozi analazimika kufuata rai ya walioshauriwa? Wako wanaosema ndiyo, na Uhud ni dalili yao. Wako wanaosema shura ni ya kumwangazia tu, kwa kuwa aya ile ile inamwachia kiongozi azma ya mwisho. Khitilafu hii si ya vitabuni peke yake. Ufaransa mwaka 2019 iliteua wananchi 150 kujadili tabianchi, na Rais Macron akaahidi kuyafikisha mapendekezo yao bila kuyachuja. Walitoa mapendekezo 149, na mengi hayakuingia katika sheria ya mwaka 2021 au yaliingia yakiwa yamepunguzwa makali. Tunasema: kiongozi anaweza kushika rai yoyote kati ya hizo mbili, lakini awaambie watu mapema ni ipi. Kuahidi shura ya kulazimisha na kutenda ile ya kuangaza ni kuvunja ahadi.

Jambo la tatu: la haki ya mtu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuna mambo ambayo rai haitoshi. Hutakiwa ridhaa ya mwenyewe. Aya ya 233 ya Suratul Baqara, katika suala la kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, imetaja kuridhiana na kushauriana, yote mawili pamoja. Ingekuwa ni kitu kimoja, kimoja kingetosha.

Katika Handaki, Mtume (s.a.w.) alifikiria kuwapa Ghatafan theluthi ya tende za Madina ili waondoke. Aliwauliza Saad bin Muadh na Saad bin Ubada (r.a.), kwa kuwa tende zilikuwa za watu wao. Walipokataa, aliliacha. Baada ya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, ujumbe wa Hawazin ulikuja umesilimu, ukaomba mateka wao. Mtume (s.a.w.) aliwaomba watu wawarudishe kwa hiari, na asiyetaka kutoa bure aahidiwe badala yake. Umati ukaitikia kuwa umeridhia. Hakutosheka na sauti ile. Aliwaambia kwa maana kwamba hatujui nani kati yenu ameridhia na nani hakuridhia, akawarudisha mpaka wasimamizi wao, yaani maarifu, wazungumze nao na kuleta jibu. Imam Bukhari ameipokea hadithi hii, na ameiweka chini ya mlango unaowahusu hao maarifu.

Katumba na Mishamo

Tuutazame mkoa wetu wa Katavi kwa mizani hiyo. Wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, pamoja na Ulyankulu mkoani Tabora. Walifyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakazika wazee wao hapo. Mwaka 2007 serikali, pamoja na UNHCR, iliwaandikisha na kuwauliza: kurudi Burundi au kuomba uraia? Takriban wanne kati ya kila watano walichagua uraia, na mwaka 2010 ikatangazwa kuwa watu zaidi ya 162,000 wamekubaliwa. Ni jambo la nadra duniani, na Tanzania inastahiki shukrani kwalo. Swali lile la kwanza liliulizwa kwa njia inayofanana na ya maarifu: kila familia ilijibu.

Lakini swali la pili, la wapi raia huyo ataishi, halikuulizwa hivyo. Liliwekwa kama sharti: wahame makazi na kutawanywa mikoa mingine. Shamba na nyumba ya mtu vilitendewa kama jambo la rai ya mtawala. Makazi hayakuwa vijiji vilivyosajiliwa, kwa hiyo hapakuwa na mkutano mkuu wa kijiji wa kulijadili. Mpango ulikwama, vyeti vya uraia vikachelewa, na miaka ikapita watu wakiwa si wakimbizi kamili wala raia kamili. Mwishowe serikali ilikubali wabaki, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Kurejea huko ni kwa kusifiwa. Swali lingeulizwa mwanzo, miaka ile isingepotea.

Tunalopendekeza

Sheria ya nchi haiko mbali na mizani hii. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote wazima, kuwa chombo kikuu cha kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Upungufu uko kwenye mikono inayonyooshwa. Mjane aliyekaa nyuma, na mhamiaji aliyekuja juzi na mifugo yake, hawatanyoosha mkono kumpinga mwenyekiti mbele ya kadamnasi. Jambo likigusa shamba la mtu, wenyeviti wa vitongoji wafanye kazi ya maarifu: wapite nyumba kwa nyumba, warudi na jibu la kila mmoja. Tusisahau kuwa katika kumpata khalifa baada ya Umar (r.a.), Abdurrahman bin Auf (r.a.) alizunguka siku tatu akiuliza watu wa Madina, na imepokewa kuwa hakuwaacha hata wanawake majumbani.

Na maimamu waanze misikitini mwao. Kabla ya kuuza kiwanja, kubadili mwalimu wa madrasa au kuvunja ukuta unaopakana na jirani, waulize: hili ni la nassi, la rai, au la haki ya mtu? Kisha kila moja walipe njia yake.

Wallahu aalam.