"Ile Pesa Itume Kwenye Namba Hii"

Shangazi yangu amepanga fremu Mbagala, anauza vitenge na madera. Kodi analipa kila baada ya miezi mitatu, na siku hiyo alikuwa ameshampigia mwenye fremu tangu asubuhi kumwambia hela imetimia, ataituma mchana. Saa sita kasoro simu ikalia. Ujumbe: "Ile pesa itume kwenye namba hii. Jina litakuja Zawadi." Mbele yake alikuwepo mteja anayechagua kitenge. Akamaliza kumhudumia, akaingiza namba ile, akaandika laki nne na nusu, jina likaja Zawadi, akamalizia na namba ya siri. Saa kumi jioni mwenye fremu akampigia kuuliza mbona kimya.

Wengi waliosikia walimlaumu. Mama wewe, hata kupiga simu kuuliza? Mimi nimeusoma ujumbe ule mara nyingi tangu siku hiyo, na kadiri ninavyousoma ndivyo ninavyoona kwamba aliyeutunga anaijua kazi yake. Shangazi hakuwa mzembe. Alisoma, akahakiki jina kabla ya kuweka namba ya siri kama tulivyofundishwa sote, na jina likawa lenyewe. Ujumbe ulitungwa ili avuke uhakiki huo bila kushtuka. Ndiyo maana nataka tuufungue neno kwa neno.

Tuanze na "ile". Mtu akikwambia "nitumie pesa," utamuuliza pesa gani. Akikwambia "ile pesa," huulizi, kwa sababu katika Kiswahili neno hilo hutaja kitu ambacho wewe na mimi tunakijua tayari. Tumelizoea hivyo tangu utotoni: ile safari, yule mtu, yale mambo yetu. Akili ya msomaji inakimbia yenyewe kuitafuta pesa anayodaiwa, na ikiipata, pengo limeshajazwa. Tapeli hakutaja kodi, hakutaja ada, hakutaja kiasi. Shangazi ndiye aliyeleta kodi, akaleta laki nne na nusu, akamleta na mwenye fremu. Waongo wengi hushikwa kwa sababu wamesema mno. Huyu amesema kidogo sana, hakuna pa kumshika.

Tazama pia kwamba ujumbe hauna salamu. Kwetu mtu anayeanza na shikamoo au habari za siku nyingi anafungua mazungumzo mapya, na wewe unajiandaa kumsikiliza ni nani na anataka nini. Asiyesalimia anaendeleza yaliyoishia asubuhi. Mwenye fremu alikuwa ameongea na shangazi saa mbili. Angemwandikia tena saa sita, asingemsalimia mara ya pili. Hata ukavu wa maneno, ambao kwa kawaida tungeuona ni utovu wa adabu, hapa umegeuka kuwa dalili ya kufahamiana.

Alijuaje kwamba shangazi anadaiwa? Hakujua. Ujumbe huohuo aliwatumia watu wengi kwa mkupuo, namba baada ya namba, na bando la meseji ni rahisi. Tuseme ametuma kwa watu 1,000. Mia tisa na tisini wanaufuta. Kumi siku hiyo kweli wana pesa ya kumtumia mtu: ada, kodi, mchango wa harusi, zamu ya kikoba, malipo ya fundi. Tisa kati yao wanapiga simu kwanza. Anabaki mmoja, na mmoja anatosha kulipia bando la mwaka mzima. Ndiyo maana ujumbe huu hushamiri mwisho wa mwezi na Januari shule zinapofunguliwa, siku ambazo karibu kila nyumba ina "ile pesa" yake.

Hapo ndipo unapotofautiana na utapeli wa zamani. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, aliandika kuhusu barua pepe za urithi wa mamilioni zinazodai kutoka Nigeria, akauliza kwa nini matapeli hawatungi uongo unaokaribia ukweli. Jibu lake ni kwamba uongo wa wazi ni chekeche. Kila anayejibu barua anamgharimu tapeli siku nyingi za kuandikiana, kwa hiyo ni heri mwenye mashaka aondoke mapema, abaki yule atakayekwenda hadi mwisho. Ujumbe wa kujiunga na Freemason na ule wa mganga mwenye pete ya utajiri, ambao sote umewahi kutufikia, ni wa ukoo huo. "Ile pesa" haina mazungumzo ya kugharimia. Haimtafuti mtu mwepesi wa kuamini. Inamtafuta mtu mwenye deni na mikono iliyojaa kazi. Tukiendelea kuamini kwamba wanaotapeliwa ni wajinga, tutaendelea kujiona tuko salama sisi ambao hatujapata zamu.

Sasa sentensi ya pili, ambayo ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Jina litakuja Zawadi." Unapotuma pesa kwa simu, mtandao hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Hatua hiyo ipo kwa sababu nzuri: mtu akikosea tarakimu moja, aone jina geni, asitishe. Tapeli anajua kwamba ukikutana na jina usilolijua utasita, kwa hiyo anakutajia mapema. Jina likitokea kama alivyosema, badala ya kusita unapumua. Kinga iliyowekwa ikulinde imekuwa shahidi wake. Lakini angalia kile ambacho mtandao umethibitisha hasa: kwamba namba hii imesajiliwa kwa jina la Zawadi. Kwamba Zawadi ana uhusiano wowote na mwenye fremu, hilo halikuthibitishwa na mtu yeyote isipokuwa mwandishi wa ujumbe.

Na Zawadi mwenyewe huenda hana habari. Januari 2020 Tanzania ilianza kuzifunga laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na wengi tuliamini kwamba tapeli sasa atapatikana kirahisi, maana kila namba ina mwenyewe. Matapeli wakatafuta vidole vya watu wengine. Unasajili laini kwa wakala wa mtaani chini ya mwavuli, unaweka kidole, anakwambia hakijasoma, rudia. Kilisoma. Cha pili kimesajili laini nyingine ambayo hutaiona, na siku moja jina lako litatokea kwenye skrini ya mama fulani Mwanza anayedhani anamlipa fundi. Polisi wakifuatilia, atakayefikiwa kwanza ni wewe.

Msidhani mbinu hii inawapata wauza vitenge tu. Kati ya 2013 na 2015 Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alizitapeli Google na Facebook zaidi ya dola milioni 120 kwa namna hiyohiyo. Kampuni hizo zilikuwa zikinunua vifaa kutoka Quanta Computer ya Taiwan. Yeye akasajili kampuni nchini Latvia kwa jina hilohilo, akafungua akaunti za benki, kisha barua pepe na ankara za kughushi zikaenda kwa wahasibu: malipo yapelekwe huku. Deni lilikuwa la kweli, kwa sababu kampuni hizo kweli zilikuwa zikifanya biashara na Quanta. Jina la akaunti nalo likaja kama walivyotarajia. Ni ile pesa, namba hii, jina litakuja. Desemba 2019 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka mitano. Kwa hiyo wewe mhasibu wa shule, wa hospitali au wa halmashauri, siku utakayopokea barua pepe kutoka kwa mzabuni ikisema akaunti yetu imebadilika, usijibu barua hiyo. Fungua faili, tafuta namba ya simu iliyo kwenye mkataba, piga.

Kuna ndugu wa ujumbe huu ambaye hupita mlango mwingine. Unapokea meseji kwamba umeingiziwa laki moja na nusu. Dakika mbili baadaye mtu anapiga, sauti imejaa hofu: "Shikamoo mama, nimekosea namba, hela ya mgonjwa hiyo, nirudishie nakuomba." Hapa anayetumika ni huruma yako. Meseji ya kweli ya muamala huja kwa jina la huduma na huungana na zile za zamani. Hii mara nyingi imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Hata hivyo usiuamini muonekano wake, kwa kuwa jina la mtumaji wa meseji nalo linaweza kughushiwa. Angalia salio kwenye menyu yenyewe: *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *150*60# kwa Airtel Money. Salio halikuongezeka? Hakuna pesa. Limeongezeka kweli? Bado usirudishe wewe. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake waurudishe muamala. Ukimrudishia kwa mkono wako, naye akaomba muamala wa kwanza ubatilishwe, utakuwa umelipa mara mbili. Aliyekosea kweli hatapoteza chochote kwa kufuata njia hiyo.

Kwa "ile pesa" dawa ni moja: mpigie mdai wako kwa namba uliyokuwa nayo kabla ujumbe haujaingia. Usipige namba iliyotuma, maana atapokea yeye, na wengine wana sauti nzuri sana. Usimjibu kwa meseji kuuliza "wewe ni nani", kwa kuwa ukimuuliza "ni baba Juma?" umeshampa jibu. Namba ya zamani isipopokelewa, pesa isubiri. Hakuna mwenye nyumba atakayekutoa kwa sababu kodi imechelewa saa mbili.

Ikiwa imeshatoka, piga 100, huduma kwa wateja, hapohapo, kabla ya kulia na kabla ya kumweleza jirani. Pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti ya mpokeaji inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, imekwenda. Kisha nenda polisi ukachukue RB, maana mtandao hautakupa wewe taarifa za mwenye laini. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe kwenda 15040. Wenzetu wa Kenya wanaotumia Safaricom hutuma kwenda 333. Watu hudharau hatua hii wakiona haiwarudishii chochote. Lakini namba iliyomliza mmoja leo asubuhi inaendelea kutuma ujumbe uleule hadi jioni, na ikifungwa mapema, kuna mtu hatapiga simu ya kilio.

Shangazi alipiga 100 saa kumi na nusu. Pesa ilikuwa imetolewa saa sita na dakika kumi. Kodi ile alikuja kuilipa kwa mkopo wa kikoba, miezi minne.

Leo ukirudi nyumbani, shika simu ya mama yako au ya baba yako, bonyeza *106#, mhesabu pamoja laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mkikuta asiyoijua, kesho mpeleke kwenye duka la mtandao husika ikafungwe.