Madaraja ya Elimu na Neno "Msingi"

Mpango wa Kimataifa wa Kuainisha Elimu, ulioidhinishwa na Mkutano Mkuu wa UNESCO mwaka 1978 na kusahihishwa mwaka 1997 na 2011, umejengwa juu ya kanuni iliyo njema: daraja la masomo halipimwi kwa jina la shule, bali kwa mafundisho yatolewayo humo. Toleo la 2011 lina madaraja tisa, tangu 0 la watoto wadogo hadi 8 la shahada ya udaktari. Waandishi wake walijua kwamba majina hudanganya. Walakini majina hayo ndiyo wanayoyajua watu, na mtakwimu hana budi kuyatumia aendapo kuwauliza.

Kenya na Tanzania ni mfano ulio wazi. Katika utaratibu wa Kenya ulioanza mwaka 1985, shule ya msingi ilikuwa ya miaka minane; lakini katika hesabu za kimataifa miaka sita ya kwanza tu ndiyo iliyotiwa daraja la 1, na darasa la saba na la nane yakaingia la 2. Tanzania, miaka saba yote ya msingi ilitiwa daraja la 1, na kidato cha kwanza hadi cha nne daraja la 2. Basi pale Namanga, mji uliokatwa na mpaka, mtoto wa darasa la saba upande wa kaskazini alihesabiwa pamoja na wa sekondari, na mwenziwe wa kusini akabaki msingi. Tena aliyemaliza kidato cha nne Kenya alipata daraja la 3, na wa Tanzania la 2, ingawa walipitana mwaka mmoja tu wa kusoma. Hapana aliyekosea hesabu. Ila asomaye jedwali peke yake atadhani pengo ni kubwa.

Ugumu zaidi umo katika lugha. Mpango unatenga mambo mawili: daraja la 1 peke yake, na daraja la 1 na la 2 yakiwa pamoja. Kiswahili kilikwisha kulipa la kwanza neno "msingi". La pili likakuta nyumba ina mwenyewe. Sera ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 2014 ilileta "elimumsingi", ifikayo kidato cha nne, kando ya "elimu ya msingi". Yaani miaka minne ya sekondari imetwikwa silabi moja, ambayo msemaji wa haraka huimeza. Mwandishi wa sheria aweza kuiona. Mdadisi asimamaye mlangoni hataisikia. Heri aulize darasa la mwisho na nchi liliposomwa, na neno "msingi" aliache nje ya dodoso.