Kuhani wa Hongo Ameingia Mezani, na Ametisha!

Jamani, sogeeni niwasimulie. Kanuni mpya za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons zimefika kwenye meza yetu hapa Nachingwea, nami nimemkamata kuhani. Simwachii mtu.

Kuhani ni mkongwe wa mchezo huu. Ulipotoka Marekani mwaka 1974 ulikuwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mchawi na yeye. Miaka yote hiyo wachezaji wamemfanya mfunga vidonda, wenzake wakienda kukata vichwa vya majoka. Toleo la 2024 limemrudishia heshima. Uganga wake wa kwanza wa kuponya sasa unarushiwa dadu mbili za pande nane badala ya moja. Mbili! Mwenzako aliyelala chali anainuka na nguvu za kupigana.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye kumchagua mungu. Toleo la 2014 lilikutaka uchague njia ya mungu wako tangu ngazi ya kwanza, hata hamjazoeana. Sasa unaanza kwa kuamua kama utakuwa mlinzi mwenye deraya nzito au mjuzi wa mambo ya siri, kisha unamtumikia. Njia inafunguka ngazi ya tatu: Uhai, Nuru, Hila au Vita. Huo ndio mwendo wa kweli wa mtu aliyeitwa.

Na mungu mwenyewe ni nani? Kanuni za bure, zilizotolewa Aprili 2025 kwa leseni ya Creative Commons, hazikulazimishi yeyote. Nafasi iko wazi. Nimeandika: Hongo.

Watu wa kusini mnajua kwa nini. Mwaka 1904 kule Ngarambe, mganga Kinjeketile Ngwale alipandwa na roho aitwaye Hongo. Masimulizi yanasema alizama majini akaibuka siku ya pili, mkavu. Watu wakamiminika kufuata dawa yake ya maji, ya kuwakinga na risasi, na wajumbe wakaisambaza mpaka Liwale na huku Umwerani, ndiyo Ruangwa na Nachingwea hizi. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yameshatangulia. Nionyesheni kuhani wa kubuni mwenye asili nzito kama hiyo! Tena juu ya Hongo yuko Bokero, mkubwa wake, kwa hiyo mhusika wangu ana mabwana wawili wa kutii. Siku amri zao zitakapogongana, patachimbika. Msimulizi anayetuendeshea mchezo, kijana wa Ruangwa, alipolisikia hilo alianza kuandika papo hapo.

Maji yenyewe tumeyafanya kuwa uganga uitwao Ngao ya Imani. Inaongeza 2 kwenye ulinzi wa mwenzako kwa dakika 10, mradi kuhani asipoteze umakini. Kuhani akiumizwa, anarusha dadu kujua kama ngao imebaki au imeyeyuka. Hapo meza nzima ilinyamaza kila dadu ilipobingirika, maana sote tumekua tukisikia yaliyowapata wazee wetu mbele ya bunduki za Wajerumani. Sijawahi kuona kanuni ndogo namna hii ikibeba mzigo mkubwa namna hii.

Moja limeniuma. Njia ya Tufani, iliyokuwamo kwenye kitabu cha 2014, haimo kwenye cha 2024. Bwana wa maji bila tufani! Nitashika Uhai, na wala sinung'uniki sana: ukifika ngazi ya tatu unapewa pointi 15 za kuwagawia majeruhi waliokuzunguka, kwa tendo moja.

Ila ninayoiota ni ngazi ya kumi. Zamani ukifika hapo ulimwomba mungu akusaidie, halafu dadu zikakupa nafasi 10 tu kati ya 100 ya kusikilizwa. Sasa ukiita, anaitika. Hakuna dadu! Uganga wowote wa kuhani mpaka daraja la 5 unatoka hapo hapo, bure, na hata kumfufua maiti kumo.

Huko bado mbali. Kwa sasa tuko kwenye reli ya mradi wa karanga, ule wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951, ambayo msimulizi ameijaza misukule wanaosukuma mabehewa usiku. Kuhani wa ngazi ya pili anaweza kuwatimua kwa jina la mungu wake. Mimi nimebakiza pambano moja kuifikia ngazi hiyo, na jina la kuwatimulia ninalo tayari.