Kidole Juu ya Kadi

Kazi yangu ni kuchora chati za gazeti. Nikiletewa jedwali la bajeti au la bei za mahindi, nageuza nambari kuwa nguzo na mistari, na kwa miaka mingi nilidhani ufundi wenyewe uko kwenye rangi. Aliyenitoa ujinga ni bibi mmoja wa Tanga, siku niliyompeleka mwanangu kliniki kupimwa uzito.

Mjukuu wake alikuwa mbele yetu kwenye foleni. Nesi akamvua nguo, akamvika ile kaptura ya mikanda, akamtundika kwenye mzani. Mtoto akapiga kelele, mshale ukatetemeka, ukatulia. Nesi akatia nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya mwezi uliopita, akamkabidhi bibi. Bibi huyu kusoma kwake alikupata chuoni, kwenye msahafu. Basi kidole chake kikaanzia mkono wa kulia kikielekea kushoto.

"Mwanangu, mbona anashuka?"

Mstari ulikuwa unapanda vizuri tu.

Nimeshachora mamia ya mistari inayopanda, na sijawahi kujiuliza nani aliyemfundisha msomaji kwamba miaka huanzia kushoto.

Kadi hizi zina mwanzilishi wake. David Morley, daktari wa watoto kutoka Uingereza, alibuni grafu ya namna hii Nigeria, alipokuwa akifanya kazi Ilesha na katika kijiji cha Imesi-Ile kuanzia miaka ya 1950. Mafaili ya hospitali hupotea, na mama akihamia kliniki nyingine, faili halimfuati. Morley akaamua kadi ikae kwa mama mwenyewe, ndani ya mfuko wa nailoni.

Kinachonivutia zaidi ni alivyolimaliza suala la umri. Uzito wa kilo saba haukuambii kitu usipojua mtoto ana miezi mingapi, na nesi mwenye foleni hadi mlangoni hana nafasi ya kukokotoa. Kwa hiyo chini ya grafu kuna visanduku vya miezi, na cha kwanza cha kila mwaka kina mpaka mnene. Humo unaandika mwezi aliozaliwa mtoto, kazi ya mara moja tu. Miezi mingine unaijaza kwa kufuatana. Tangu hapo nesi anatafuta kisanduku cha mwezi huu, anapanda nacho hadi kwenye kilo, anatia nukta. Hesabu imekwisha kufanywa na karatasi. Hapo namvulia mtu kofia.

Halafu pana nafasi ya kuandika kwa wima, mwezi kwa mwezi: surua, kuharisha, mdogo wake amezaliwa. Na somo lenyewe haliko kwenye nukta moja. Mtoto mwembamba ambaye mstari wake unapanda anatia moyo kuliko mnene ambaye mstari wake umelala miezi mitatu.

Morley huyohuyo, pamoja na Adnan Shakir wa Baghdad, walieleza mwaka 1974 juu ya utepe wa kupimia mkono wa mtoto, uliokatwa kutoka filamu kuukuu za eksirei. Mzingo wa mkono haubadiliki sana kati ya mwaka 1 na 5, ndiyo maana utepe hauulizi umri. Siku hizi chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hadi 12.5 ni njano, kuendelea ni kijani. Sijui chati fupi kuliko hiyo.

Wepesi huo una gharama yake. Mistari ya kulinganishia ukuaji ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2006 ni myembamba kama uzi, lakini nyuma yake kuna watoto zaidi ya 8,000 waliopimwa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Mama wa kliniki haoni hata mmoja wao, na hana haja.

Mimi niliwahi kufanya kinyume chake. Gazeti moja, sitalitaja, lilitaka chati ya sukari "iwe na nguvu". Bei ilitoka shilingi 2,600 ikafika 2,800. Nikaanzisha nguzo kwenye 2,500 badala ya sifuri, na ya pili ikawa ndefu mara tatu ya ya kwanza. Nambari zote zilikuwa sahihi, zimeandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Asubuhi yake muuza duka wa mtaani kwetu alinifunulia ukurasa ule, wateja wakimzonga, akaniuliza kama ni yeye au ni mimi ninayemwibia mtu.

Nesi wa Tanga hakumcheka bibi. Alimshika kidole, akakirudisha hadi kwenye kisanduku chenye mpaka mnene. "Bibi, anza hapa, alipozaliwa. Haya, twende." Wakasafiri pamoja kuelekea kulia, polepole. Penye tambarare, bibi mwenyewe akasimamisha kidole.

"Hapa ni lile tumbo la kuendesha," akasema. "Mwezi wa Mfunguo Tatu, hatukulala."

Nesi akakagua kadi: hapakuwa pameandikwa kitu. Akachukua kalamu akaandika, kwa wima, juu ya mwezi ule. Bibi akangoja wino ukauke, akaitia kadi kwenye mfuko wake, akaufutika kwenye pindo la kanga.