Ufadhili wa Uzamifu katika Akili Unde: Swali Ni la Nani?

Tangazo la ufadhili ni matini ambayo kwa kawaida haihakikiwi. Husomwa mbiombio na mwenye haja, akitafuta tarehe ya mwisho na kiasi cha posho, kisha hutupwa. Makala haya yanakusudia kulisoma tangazo la namna hiyo kama tusomavyo dibaji au hotuba: nani anasema, anamwita nani, na ni neno gani limebebeshwa mzigo usiotajwa. Mfano tuliouchagua ni vituo vya mafunzo ya uzamifu vinavyogharamiwa na UKRI, shirika la kugharamia utafiti la serikali ya Uingereza, na hasa kituo cha Chuo Kikuu cha Edinburgh, kwa kuwa huko sayansi ya data na taaluma ya lugha zimekutanishwa waziwazi chini ya paa moja. (Natumia "akili unde" kwa kuchagua. Wengine husema "akili mnemba", na wengi zaidi "akili bandia". Lakini bandia kwetu ni noti na dawa, na jambo hili, pamoja na kasoro zake, si la kughushi.)

Mnamo 2019 vilitangazwa vituo 16 vya akili unde, kwa fedha zifikazo pauni milioni 100, vipate kufunza wanafunzi wapatao 1,000. Mwaka 2023 vikatangazwa vingine 12, kwa pauni milioni 117. Mafunzo huchukua miaka 4. Mwanafunzi hulipiwa karo, akapewa na posho ya kuishi. Kituo cha Edinburgh kilichoanza 2019 kwa ajili ya uchakataji wa lugha asilia kiliwaalika wanaisimu sawa na wanakompyuta. Kwa hiyo si haki kusema, kama isemwavyo mara nyingi katika vyumba vyetu vya chai, kwamba mlango umefungwa. Mlango u wazi, ila ni mwembamba. Wageni waliruhusiwa kupata ufadhili huu kamili tangu mwaka wa masomo wa 2021, lakini wasizidi asilimia 30 ya wanaoingizwa. Na tofauti baina ya karo ya mwenyeji na karo ya mgeni haimo katika fedha za shirika, ni juu ya chuo kuitafuta kwingine. Mkenya anayeomba hashindani na Mwingereza. Anashindana na walimwengu wengine wote kwa fungu lisilotimia theluthi.

Lakini hilo ni suala la hesabu, na wenye hesabu wataliangalia. Linalotuhusu sisi ni msamiati. Katika maandishi ya taaluma hii Kiswahili huwekwa katika kundi la "lugha zenye rasilimali haba". Tujiulize, haba kwa nani? Lugha ambayo hati ya utenzi wake imesalia tangu 1728, yenye magazeti, redio, mahakama na mabunge, haina uhaba wa maneno yaliyosemwa wala yaliyoandikwa. Kilicho haba ni matini zilizokwisha kupangwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuzimeza. Neno hili basi linahamisha upungufu kutoka kwenye chombo na kuutwika kwenye lugha, na mwanafunzi anayelikubali bila kulihoji huandika ombi lake kama mtu aombaye msaada kwa niaba ya fukara.

Athari yake haiishii kwenye heshima. Tutazame mbinu moja iliyotoka Edinburgh hiyo hiyo. Mwaka 2016 Sennrich, Haddow na Birch walichapisha njia ya kukata maneno adimu vipande vipande ili mashine ya kutafsiri iweze kuyashughulikia. Njia yenyewe ni nyepesi: mashine huanza na herufi moja moja, huunganisha jozi inayotokea mara nyingi zaidi, kisha jozi inayofuata, na kuendelea hivyo hadi ipate orodha yake ya vipande. Walioibuni waliijaribu kwa kutafsiri Kiingereza kwenda Kijerumani na Kirusi. Baadaye mbinu hii na jamaa zake zilienea kote, na Kiswahili kikakatwa kwa kisu hicho hicho.

Sasa chukua neno "asipowaambia". Mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili atatenga nafsi, ukanushi na sharti, mtendewa, kisha shina. Mashine haitafuti hayo. Inakata pale ambapo takwimu zinaagiza, na mkato waweza kupita katikati ya kiambishi. Sisi wenyewe tunaweza kubishana kama -sipo- ni mofimu moja au mbili, na kama -po- ya hapa ni ndugu wa ile ya "aliposema". Ubishi huo ndio isimu. Katika mbinu ya vipande hauna pa kuingilia, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Njia nyingine ilikuwapo. Mwaka 1992, huko Helsinki, Arvi Hurskainen alieleza mfumo wa kompyuta wa kuchanganua maneno ya Kiswahili kwa kanuni za mofolojia, kila kiambishi na ngeli yake. Hatusemi turudi huko. Kazi ya kanuni ni ya miaka mingi, na tafsiri za mashine za leo zinasomeka kuliko zile tulizokuwa tukizicheka zamani. Tunachosema ni kwamba mfumo ule haukuweza kujengwa pasipo mtu anayeijua sarufi, ilhali huu wa sasa unaweza, na ufadhili hufuata kinachoweza kufanyika bila sisi.

Hapa lawama haina budi kurudi nyumbani. Binti mmoja niliyemfahamu, aliyeandika tasnifu nzuri ya uzamili juu ya virejeshi, alitaka kuomba nafasi ya namna hii. Katika miaka yake yote ya masomo hakuwahi kufundishwa takwimu wala programu, na hilo si kosa lake. Idara iliona hayo ni ya upande wa pili wa ua, nako kwa wanakompyuta hakuna aliyejua kirejeshi ni nini. Nami niliyepata uzamili wangu ng'ambo nilikuwa na hatia iyo hiyo: nilirudi na nadharia, sikurudi na chombo. Akashauriwa alifute swali lake, aandike badala yake kwamba atakusanya data ya Kiswahili. Akafanya hivyo.

Ukusanyaji wenyewe si jambo la kubeza. Mradi wa Kencorpus, uliowaunganisha watafiti wa Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, ulikusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, na umeonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana hapa hapa. Lakini kukusanya ni hatua ya kwanza, na mgawanyo wa kazi ambamo sisi tunaleta magunia na wengine wanauliza maswali tunaujua tangu zamani katika kahawa na chai. Muhula wa takwimu na muhula wa programu katika uzamili wa Kiswahili, pamoja na msimamizi mmoja kutoka kila upande wa ua, hauhitaji idhini ya London. Unahitaji kikao cha idara. Swali la virejeshi lingali katika tasnifu ile, maktabani, na halijaulizwa na mashine yoyote.