Yai la tatu liliiua fainali

Mlioangalia fainali ya mapishi Jumamosi mliliona yai lile. Kima nusu kilo iko bakulini, tangawizi na kitunguu saumu vimo, mayai mawili yamo, masharti ni kababu za mchuzi bila nafaka. Mpishi anafinyanga tonge, linapasuka pembeni. Anatazama saa, anavunja la tatu. Jaji mmoja akatikisa kichwa kuridhia. Kababu ziliharibikia pale, hata sufuria hazijaiona.

Mpishi yule aliweka mayai mahali pa mkate, ambao masharti yaliukataza, akidhani kazi ya mkate ni kushikanisha. Siyo. Vinavyoshikanisha ni chumvi na mkono: chumvi hulegeza protini za nyama, ukikanda zinanata. Mkate uliolowekwa kwenye maziwa huwekwa ushike maji na kuzizuia protini hizo zisibanane zikipata moto. Nyama ikikaribia nyuzi 70 za Selsiasi hukaza na kutema maji yake, na pasipo kitu cha kuyashika yote huishia mchuzini. Yai haliifanyi kazi hiyo. Lenyewe huganda kwa moto, likaongeza ugumu juu ya ugumu. Tonge lile lilitaka kukandwa zaidi kidogo, kisha bakuli lipumzike kwenye friji.

Na dawa ilikuwa mezani pale pale! Viazi vya kuchemsha, alivyoviweka pembeni viwe kipambo. Kimoja kilichopondwa kingetosha. Nimeshaliandika hili na nitaliandika tena: bila nafaka si bila wanga. Nchi imejaa muhogo, viazi na ndizi mbichi, lakini wapishi wetu wakiambiwa waache ngano hukimbilia mayai, au unga wa lozi wa bei ya kuumiza. Wapishi wa zamani wa pwani hawakuhitaji kufundishwa. Kwenye katlesi zao kiazi ndicho kinachokaa na kima, yai linabaki nje, la kuchovya kabla ya kukaanga.

Marcella Hazan naye, mwandishi wa mapishi ya Kiitaliano, kwenye Essentials of Classic Italian Cooking ya 1992, kwa ratli moja ya nyama anaweka slesi moja ya mkate ndani ya maziwa, na yai moja. Moja tu, na mkate upo!

Mchuzi ulipikwa vizuri: nyanya mbivu, moto mdogo, mfuniko wazi, mafuta yakapanda juu.

Halafu majaji wakazisifu kababu kwamba hazikupasuka. Hata jiwe halipasuki. Tangu lini kababu ya mchuzi ikapimwa kwa macho? Kila msimu ni hivyo hivyo, sahani inapewa alama kabla ya kuonjwa. Kamera ilipokaribia tuliona kisu kikisukumwa kwa nguvu, na ndani pakavu. Kababu iliyokaa mchuzini muda wote ule hukatwa kwa ubavu wa kijiko. Isiyokatika hivyo haistahili kuvuka 5 kwa 10, na hii ilipewa 8.