Swichi inayofundishika

Julai 2020, kampuni za Loon na Telkom Kenya zilipoanza kutoa intaneti ya 4G kwa maputo, Eldoret na Kakamega, majirani wa Kitale na Bungoma, zilikuwa ndani ya eneo la huduma. Maputo takriban 35 yalielea kama kilomita 20 juu yetu, na kwa kuwa upepo uliyasukuma, njia za data zilibadilika kila mara. Programu ya kuongoza mtandao ilikadiria kila puto litakuwa wapi, ikaamua lipi liunganishwe na lipi. Kazi hiyo iliiweza vizuri. Kilichofunga huduma Machi 2021 ni biashara kutolipa.

Wazo hilo la kuuongoza mtandao kutoka kwa programu moja, yaani kidhibiti, lilipata nguvu mwaka 2008, mtafiti Nick McKeown na wenzake walipoitoa itifaki ya OpenFlow. Kidhibiti huijazia swichi, kifaa kinachoelekeza pakiti za data, jedwali: pakiti ya anwani hii itokee poti ile. Shida ni kwamba swichi inatambua yale tu ambayo kiwanda kiliyaweka kwenye chipu. Toleo la 1.0 lilijua sehemu 12 za kichwa cha pakiti. Lile la 1.4, mwaka 2013, lilifika 41. Itifaki mpya ikizuka, unasubiri kamati, kisha unasubiri kiwanda.

Lugha ya P4, iliyotangazwa 2014, McKeown akiwamo tena, iliondoa kungoja huko. Chukua kichwa cha itifaki ya VXLAN. Fundi anaandika mwenyewe: biti 8 za bendera, 24 za akiba, 24 za namba ya mtandao, 8 za akiba. Anaongeza kwamba pakiti ya UDP inayokwenda poti 4789 isomwe hivyo, kisha anaipakia programu kwenye swichi. Kidhibiti bado kipo na bado kinajaza majedwali. Tofauti ni kwamba sasa majedwali yenyewe ameyabuni fundi. Uhuru huo una mipaka, maana kumbukumbu ya chipu ni ndogo na pakiti haingoji mahesabu marefu.

Chipu ya P4 iliyovuma zaidi, Tofino ya kampuni ya Barefoot, ilitoka 2016 ikipitisha terabiti 6.5 kwa sekunde. Intel iliinunua Barefoot 2019, na mwaka 2023 ikasimamisha kuiendeleza Tofino. Kwa hiyo singeishauri ofisi ya kaunti ifunge mtandao wake kwenye chipu moja. Lugha ndiyo ya kujifunza. Walimu wa Chuo Kikuu cha Kibabii na Kitale National Polytechnic, programu ya kuiga mtandao ya Mininet na swichi ya programu ya bmv2 ni za bure, na zinaendeshwa kwenye laptopu yenye Linux: msiishie OpenFlow, wapeni wanafunzi P4.